Mwiko wa Banda la Kuku

Montevideo, 2 Novemba 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na kuku wanataga. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kuwafokea wachezaji.

Jumapili ijayo tunacheza mechi ya kupanda daraja. Tukifungwa, sijui kama klabu itanibakisha. Nimekuwekea kiti, nyuma ya benchi langu. Nimecheza hapa na Meksiko hadi nikazeeka, sasa ni kocha, na hujawahi kuniona kazini. Njoo, Mama.

Mwanao,
Milton

Mercedes, 4 Novemba

Mwanangu Milton,

Marahaba. Mgongo bado ni wangu, namshukuru Mungu. Jirani yetu Ubaldo anakusalimu, anasema beki wako wa kushoto ni mlango wa baa, kila mtu anapita.

Siji. Umesahau? Siku moja tu nilikutazama, ukiwa kijana, wakakuvunja goti mbele ya macho yangu. Ulipopona, siku ya mechi nikajifungia kwenye banda la kuku, ukafunga mawili. Tangu hapo kila ukicheza niko humo, nimeupa mpira mgongo, na Ubaldo ananipigia kelele ukutani akisikia redio. Kinga ni bora kuliko tiba. Nitakaa na kuku wangu.

Mama yako

Montevideo, 6 Novemba

Mama,

Shikamoo tena. Mwambie mzee Ubaldo mlango wa baa nimeufunga, atacheza mwingine.

Goti lilivunjwa na beki wa timu ya Dolores mwenye miguu kama magogo, si macho yako. Nani alinikanda goti lile kwa mafuta ya moto hadi nikatembea? Nani alinisukuma kwa baiskeli hadi mazoezini, nikilia kwamba mpira basi? Yote niliyopata yametoka mikononi mwako, nami nakushukuru toka mbali, kama mtu anayeshukuru redio. Sasa sipigi mpira, nasimama tu. Utanivunja nini?

Tiketi ya basi nimeiweka humu. Usipokuja sitakasirika. Kiti hakitakaliwa na mtu mwingine.

Mwanao,
Milton

Mercedes, 10 Novemba

Mwanangu,

U hali gani? Umelala? Umekula? Mimi nimefika nyumbani salama. Mvua inanyesha, nimekaanga torta, zile andazi zetu za siku ya mvua, Ubaldo amezimaliza.

Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Niliona aibu. Wapinzani walipopewa ile penalti nilisimama nitoke, nikasema haya, ni mimi huyu, nimemletea mkosi. Mpira ukaingia. Uwanja mzima unalia, nawe ukageuka, ukanitafuta kwa macho, ukaniona, ukacheka! Mtu anafungwa na anacheka kama amepewa mwana. Nikarudi kukaa.

Nikakutazama hadi mwisho. Ukisimama unafunga mikono nyuma na kuinua kisigino kimoja, vilevile alivyosimama marehemu baba yako mtoni akingoja samaki. Miaka yote hiyo Ubaldo hakuwahi kunipigia kelele hilo ukutani. Asante, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona nilichokiona.

Redioni wamesema klabu imekubakisha. Msimu ukianza niwekee kiti kilekile. Si kwa sababu ya mwiko. Pale mikono yako inaonekana vizuri.

Mama yako