Kiti cha Asiyeaga

Zubeda kapewa ajira ya kudumu! Mdogo wangu Mwajuma, nimeshindwa hata kusalimu kwanza. Haya, hujambo? Miguu ya shemeji inaendeleaje, na alizeti zimechanua? Sisi huku Nzuguni wazima, vumbi tu, na huu upepo wa mchana unaonisinzisha nikadhani niko nyumbani Kondoa.

Wiki iliyopita mwanao Zubeda alikaa mezani hapa, uso umemshuka. Kompyuta kubwa ya ofisi yao iko Kigoma, naye huiingia akiwa hapa hapa, kama unavyomfikia ndugu ndotoni. Siku hiyo ilikubali neno lake la siri, kisha ikamtoa nje. Bosi wake alishamwambia asiizime, kuna kazi inaendelea ndani, na asipoitengeneza kabla ya jua kuzama, muda wake wa majaribio umeishia hapo.

Akanieleza kwamba kila anayeingia kutoka mbali hupewa terminali, yaani mahali pake pa kuandikia, kama kiti. Mgawaji ni kerneli, msimamizi aliye ndani kabisa ya mashine. Na viti vilikuwa vimekwisha.

"Lakini watu hawamo, mama. Ni viti vitupu."

Nikaviona, Mwajuma, ukumbi mzima wa viti vitupu, upepo unapita katikati. Darasa la saba langu unalijua, ila nikamwambia, "Basi waliondoka bila kuaga." Unakumbuka marehemu mama alivyokataza kigoda cha mgeni kisiguswe mpaka mwenyewe aage? Tulikaa chini siku nzima, kumbe mjomba, mgeni mwenyewe, kaondokea mlango wa nyuma.

Zubeda akaivuta kompyuta yake ndogo. Kisha akatuma amri moja bila kuomba kiti, kama mtu anayesemea mlangoni kasimama. Mashine ikajibu. Kumbe kuna programu ilikuwa inachukua terminali, watu wakiondoka haizirudishi. Akaifunga hiyo tu, kazi ya bosi ikaendelea. Viti vikarudi, akaingia jua lingali juu ya paa la jirani. Anasema angegundua mwenyewe. Sawa.

Msalimie shemeji, na shangazi anayelea wajukuu, na yule jirani yako aliyesema kubonyeza-bonyeza hakumpi msichana ugali. Huyo msomee mara mbili.

Viti vya sherehe yake nimeshaazima mtaa mzima. Njooni wote, na atakayeondoka aage. Mimi dada yako, Mama Zubeda, nawangoja Jumamosi ya kwanza mwezi ukishaandama.