Usimzungushe Baba Shingo

Kwa Mrombo,
Arusha.

Dada Neema,

Shikamoo. Mbinga hamjambo? Kahawa imechanua? Baba na magoti yake anaendeleaje? Huku ni baridi, Mlima Meru umejifunika wiki nzima. Mimi mzima wa mwili, ila roho iko juu tangu Jumamosi. Nimeandika kwa sababu simu huko mnaiweka sauti ya nje, na hili sitaki Baba alisikie kabla yako. Anayekuletea ni jirani yangu. Soma kwanza, chai utampa baadaye.

Kazi yangu ya unyozi unaijua. Mteja haridhiki kwa kunyolewa tu. Utamwosha kichwa kwa maji ya moto, utamchua mabega, halafu utamshika kidevu na kisogo umzungushe shingo mpaka ilie, kulia na kushoto. Isipolia, anaona hukumhudumia. Ndiyo iliyonipa jina hapa. Hata wewe nilikufundisha Krismasi ile, kwa shingo ya Baba, tukacheka alivyofumba macho kwa raha.

Basi Jumamosi alikuja Mzee Eliya, mkulima wa Akheri, mteja wangu wa siku nyingi. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kama vya Baba.

"Kijana wangu, leo imekaza. Ivunje vizuri."

Nikaizungusha, ikalia. Kisha akasema taratibu, "Mbona mikono siisikii?" Nikadhani ananitania. Alipotaka kusimama, miguu ikakataa.

Hospitali, daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinionyesha picha ya shingo.

"Pingili hii ya juu ni kama pete," akasema. "Ya pili ina kijino kinachoingia ndani ya pete, ndipo kichwa kinapogeukia. Kijino kinazuiwa kwa nyuma na kano moja ngumu, imekatiza pete kama mkanda. Nyuma ya kano unapita mshipa mkuu wa fahamu, wa mikono, miguu, hata pumzi."

Kumbe baridi yabisi ya miaka mingi haiishii kwenye magoti na vidole, huweza kuila na kano ile. Ikishalegea, ukizungusha shingo kijino kinarudi nyuma na kuubana mshipa. Miaka yote hii nashika shingo za watu, sikujua kuna mkanda mle ndani.

Mzee bado amelazwa, kavalishwa kola ngumu. Leo amechezesha vidole vya mkono wa kulia. Nilipopeleka uji, mkewe alisema tu, "Mwanangu, hukujua." Nililia mbele za watu.

Sasa sikia, dada. Mwezi uliopita Baba alijisifu kwenye simu kwamba kila Jumapili unamvunja shingo kunishinda mimi. Halafu akasema asubuhi mikono inamfa ganzi, kikombe kinamponyoka. Nikamtania kuwa ni uzee. Naogopa, dada, naogopa sana. Usiiguse tena ile shingo, hata akinuna, hata akikuambia mimi nimeruhusu. Mpelekeni hospitali, mtaje baridi yabisi na ganzi. Lawama nitupie mimi.

Msalimie shemeji, mumeo, na shangazi anayekulelea watoto. Baba usimpe salamu zangu kwanza. Kabla ya hapo mbonyeze kidole cha mkono taratibu akiwa anaangalia pembeni, umwulize kama anasikia.

Mdogo wako,
Festo