Picha ya Babu kwenye status

Shamsa, mimi na usanii wangu tumeua mtu 🤦🏾‍♀️

Jana nilimpiga babu Sefania picha nyeusi na nyeupe, kasimama kwenye ukungu. Nikaiweka status: "Mzee wetu."

Nasubiri sifa, zinaingia pole za msiba! Kumbe kwa watu wetu picha isiyo na rangi ni ya marehemu.

Asubuhi shangazi Yusta huyo, kutoka Mombo. Yule ambaye kila Krismasi tukimwalika, barabara ni mbovu. Analia toka njiani: "Baba yangu weee!"

Baba yake yuko shambani anapalilia kabichi!!

Hata shikamoo mzee hakupewa. Babu akamtazama.

"Kumbe njia ya kuja kwangu unaijua?"

Kilio kilikatika palepale. Sasa hivi shangazi anapalilia naye kabichi.