Mlango wa Buluu Uko Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenihesabia miezi kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuvimaliza. Basi niandike kabla kalamu haijanishinda. Daftari hili halina msomaji. Nimemwagiza binti yangu alichome nikifa. Hatalichoma — mmbea kama mama yake.

Alhamisi napelekwa kukagua maonyesho ya picha zangu. Si picha zenyewe! Zile ziliuzwa zamani, ziko mbali. Huu ni mwanga tu, unarushwa ukutani kwa projekta. Eti mtu anaingia ndani ya picha kama anaingia sebuleni kwake.

Mdogo wangu wa kike naye anataka kuja. Nikamwambia kiti cha magurudumu ni kimoja. "Nitatembea, kaka. Miguu ni yangu." Ana miaka sabini na tisa, bado mkaidi.

Picha zangu. Nimeandika "zangu" na kalamu haikukwama. Mazoezi ya miaka arobaini.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu tupu! Ukumbi ni ghala lililopakwa rangi nyeusi. Zulia linanuka soksi. Ukuta mmoja una unyevu, kwa hiyo wingu zuri kuliko yote limeota ukurutu. Mama yetu mzazi, urefu wa ghorofa mbili, ana mlango wa dharura puani. Muziki ni wa kusubirishwa kwenye simu. Kuna kidude kinapuliza "harufu ya mvua" — dawa ya choo! Na picha hazitulii. Zinaogelea, zinapepesa, zinadondosha majani ambayo hakuna aliyeyachora. Binti yangu alikuwa bize kujipiga picha mbele ya bibi yake.

Fundi wa mitambo ni mtu wa makamo, miwani ameiegesha kwenye upara. Anaabudu kazi yake, maskini. "Mzee, zimekaa sawa?"

"Sawa kabisa," nikasema. Hata ile ya uani, iliyonipa jina, niliitikia kwa kichwa, mjuzi mzima.

Nyuma ya kiti changu mdogo wangu akasema taratibu, "Mlango wa buluu uko kulia. Mimi naujua uko kushoto."

Fundi akaruka kwa furaha. "Bibi ana macho huyu!" Akaeleza. Alikuwa na nakala za kamera tu. Alipozikuza aliona michirizi ya brashi yote inalalia upande wa mtu wa mashoto. Magazetini Profesa, yaani mimi, anashika brashi kwa kulia. Akajua mpiga picha alizigeuza, naye akazigeuza zote arobaini na moja, kushoto kuwa kulia. Saini isingemkosoa: ipo nyuma ya kila turubai. Sikuwahi kuthubutu kuiweka mbele.

Alikuwa anasubiri sifa, fomu ya idhini mkononi. Nikampa. "Umefanya vema, fundi. Huyu bibi amezeeka, anachanganya mambo."

"Kweli," akasema mdogo wangu. "Nimezeeka." Akauficha mkono wa kushoto ndani ya mtandio. Kisha akamwambia fundi: "Jumamosi njoo nyumbani unywe chai. Hiyo fomu yako Profesa ataisaini huko."

Mlango wenyewe upo uani kwangu. Naupita kila siku ya Mungu. Sikuona kitu!

Ijumaa, 7 Machi

Haya. Niliseme.

Nilikuwa mhadhiri wa historia ya sanaa: mdomo ninao, mkono sina. Mdogo wangu hakumaliza shule, nilimpa chumba cha uani. Mkuu wa idara aliona turubai yake sebuleni, akauliza ni ya nani. Nikasema yangu. Neno moja! Maisha yangu yote yaliyofuata yalikuwa kulilinda neno lile. Alipodai jina lake mara ya kwanza nilimuuliza, "Jina lako analijua nani? Muuza mkaa?" Hakudai tena.

Hilo analijua. Hili halijui.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili alileta posa. Mtu mpole, safi. Niliona mkono wangu unaolewa. Nikamfuata kwenye cherehani yake, nikamwambia mdogo wangu ana kifafa, na ukoo mzima tunacho. Hakurudi. Mdogo wangu akasubiri. Miezi mitatu anafagia uani kila asubuhi, anautazama mlango. Nikamnunulia rangi mpya. Akanishukuru! Akauchora mlango ule wa buluu, umefungwa. Wakosoaji waliandika kwamba Profesa amefumbua siri ya upweke.

Nililia kidogo nilipoandika hayo. Machozi ya mamba, nayajua.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapa hapa barazani. Wanadhani natunga hotuba ya kesho, ndiyo ufunguzi.

Fundi amekuja na fomu: kwamba picha zinaonyeshwa kama zilivyochorwa. Alitaka kukaa kama nilivyokaa mimi, kuelekea sebuleni. Mdogo wangu akakigeuza kiti kwa mikono yake mwenyewe. "Kaa hivi, upate hewa ya uani."

Alikunywa kikombe kizima kabla hajauona. "Mzee… mlango ule uliwahi kuhamishwa?"

Nikajifanya sisikii. Uziwi una faida zake.

"Haujahamishwa," akajibu mdogo wangu. "Hata kufunguliwa, si sana."

Fundi ameishusha miwani kutoka kwenye upara. Anatazama mlango: kushoto. "Basi nakala zangu zilikuwa sawa. Ni mimi niliyeziharibu. Lakini ile michirizi —" Anatazama mkono wangu unavyoandika. Wa kulia.

Binti yangu: "Baba, tia saini basi, mtu wa watu ana kazi."

Mdogo wangu ameweka birika chini. "Mkono wake unatetemeka. Nimsaidie." Anaichukua kalamu ya fundi kwa ule mkono wa kushoto. Fundi haangalii fomu, anaangalia vidole vyake.

Nikiusema ukweli sasa, ni mimi niliyeusema. Nikichelewa kidogo tu ni yeye. Na fundi cherehani je? Nani atamwambia mdogo wangu? Ananitazama. Hana hasira — afadhali angekuwa nayo! Ameiegesha kalamu kwenye mstari wa jina la mchoraji.

"Kaka," anauliza, "niandike jina la nani?"