Laptopu ya Docus na Mbuzi Ambaye Sitamtoa

Nalufenya, Jinja
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Dada Margret, Nabuyonga,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na wote wanaolala chini ya bati lako. Goti limepoa? Na yule jogoo wako anayefukuza wageni, bado mnamvumilia? Sisi huku tu wazima, ukiacha mkono wangu wa kulia ambao umevunjika, lakini huo nitaufikia. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi: nikisema neno la kwanza, wewe umeshajibu la tano. Jirani yangu Bogere anakuja huko kwenu Mbale kesho, ndiye atakayekuletea bahasha. Tafadhali kaa, usome hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Kwanza asante kwa kumlaza na kumlisha mke wangu Docus wakati huu wa mitihani yake ya mwisho. Usimwonyeshe barua hii mpaka atoke kwenye karatasi ya Jumanne. Wapo waliocheka kwamba mwalimu wa karibu miaka hamsini anatafuta digrii ya nini, na wewe, dada, ulicheka kidogo. Lakini mwalimu mkuu wake alishamwambia kwamba asipokuwa nayo nafasi yake itapewa mwingine. Basi alipokuja kwako aliniachia laptopu yake, mimi mstaafu wa magereza, askari kisha karani, nimalize kuchapa masahihisho ya ripoti yake ya utafiti na kuituma chuoni kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikichelewa, anarudia mwaka.

Jumatatu nilifungua laptopu, ujumbe ukatokea: BIOS inahitaji kusasishwa. Hiyo BIOS ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Ichukulie kama afande wa zamu anayepiga filimbi alfajiri. Yeye asipoamka, kambi nzima inalala. Nami, unavyonijua, maagizo yakishaandikwa natii kwanza, kufikiri baadaye. Nikakubali. Ikaandika: usizime, usichomoe chaja. Betri ya laptopu ile ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu, kwa hiyo nikakaa mbele yake sebuleni kama mlinzi wa geti.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho huku Jinja, na tulimtarajia Jumatano, Docus akiwa amepanga kila kitu ili mimi nihamie kwa Bogere mapema. Kumbe madaktari walimruhusu kabla. Sasa kumbuka nani alinifundisha kabla ya harusi yangu kwamba mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hapishani naye njiani kwa karibu, hamtazami usoni, na akithubutu mikono yake itatetemeka mpaka afe. Ni wewe. Basi nilifanya ulivyonifundisha. Niliikumbatia laptopu nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Chaja ilibaki ukutani. Ngazi ilikuwa imelowa. Laptopu iliangukia tumbo langu, ambalo siku hiyo lilifanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza, na mimi nikauangukia mkono.

Nilirudi kutoka hospitali na plasta hadi kiwikoni. Mama mkwe alikuwa sebuleni, na kwa Bogere chumba kilikuwa bado hakijawa tayari, hivyo mimi nikahamia stoo ya nyuma, kati ya magunia ya mkaa. Alipika, akaweka sahani kizingitini, akakohoa, akaenda zake. Nami nikatoka kuichukua. Miaka yote niliyowapelekea wafungwa chakula, sikujua kile kikohozi kinavyosikika kutoka upande wa ndani.

Na laptopu? Taa inawaka, feni inazunguka, kioo kimekuwa cheusi kama sufuria ya shuleni. Nikaipeleka kwa fundi Magid mjini. Magid ni kijana mwenye adabu. Aliitazama, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Alisema BIOS imekatika njiani, dawa ni kubadili ubao mkuu, lakini kwa aina hii ya bei nafuu hifadhi imechomelewa kwenye ubao huohuo, kwa hiyo ubao ukitoka, ripoti nayo imetoka. Nakala iliyokuwa kwenye barua pepe ya Docus ilikuwa ya zamani, haina sura mbili za mwisho. Akanishauri niiuze kama vipuri na nimpigie mke wangu simu nimwombe radhi.

Nilikataa yote mawili. Nilimwambia nimetumikia magereza, najua tofauti ya maiti na mfungwa anayejifanya amelala. Nikasoma maelekezo ya watengenezaji kwenye simu, usiku na mchana, mpaka nikaona kwamba mashine kama ile imeachiwa mlango wa dharura: unaweka faili la BIOS kwenye flashi, unaichomeka, unabana vitufe viwili kwa pamoja huku ukibonyeza cha kuwashia, na vile viwili huviachii mpaka ilie. Magid alicheka, lakini faili aliliweka kwenye flashi, akanisindikiza hadi barabarani.

Shida ni kwamba kazi hiyo inataka mikono miwili. Nilijaribu kubonyeza kwa pua. Nilijaribu kwa kidevu. Alhamisi Bogere alikuja kunisaidia, lakini feni ilipounguruma alidhani inalipuka, akaruka nyuma na kuviachia vitufe. Kabla hatujarudia, umeme ukakatika. Ulirudi Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakati mtaa wote ulikuwa umekwenda mazikoni, Bogere akiwemo. Simu yake aliizima kwa heshima ya marehemu.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, waya nikiwa nimeuvuta kutoka jikoni, nikaanza kuitukana mashine kwa Kiswahili cha kambini tulikokulia, kile cha maaskari. Nilisahau kwamba mama mkwe ni mjane wa polisi na ameishi kambini miaka mingi kuliko mimi. Alielewa kila neno. Kutoka upande wa pili wa mlango akaniuliza ninapigana na nani. Nikageukia ukuta, nikamweleza yote: ripoti, saa kumi na moja, chaja niliyoing'oa nikimkimbia yeye. Akasema yeye mikono yake miwili haina kazi. Nikamkumbusha mila.

"Docus nilimzaa kabla wewe hujamwoa," akasema. "Fungua mlango, mkwe."

Dada, nilifungua.

Tulikaa ngazi moja, bega kwa bega, laptopu ikiwa imepakatwa nusu kwake nusu kwangu. Ukitaka kunitetea mbele ya ukoo, waambie jicho lake moja lilikuwa limefungwa bandeji, kwa hiyo tulivunja nusu tu ya sheria. Alivibana vile vitufe kama anayemshika kuku wa Krismasi, mimi nikabonyeza cha kuwashia kwa mkono wa kushoto. Feni iliunguruma, hakutikisika. Kioo kikabaki cheusi. Tulingoja, kikabaki cheusi. Nikamwambia labda imeshindikana, aachie tu. Akanijibu kwamba maelekezo niliyomsomea yanasema mpaka ilie, na yeye hajasikia kilio.

Ikalia. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye kioo, taratibu kama konokono. Ulipofika mwisho mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe, na ripoti ya Docus ilikuwa mahali pake, sura zote. Masahihisho yaliyobaki alinisomea kutoka kwenye mwandiko wa binti yake, kwa jicho lile moja, nami nikachapa kwa kidole kimoja cha kushoto. Tuliituma kabla ya muda kwisha. Chuo kimejibu kwamba imepokewa.

Watu waliporudi kutoka mazikoni, Betty wa jirani alipita kutusalimu, akatukuta bado tumekaa. Aliaga haraka, na kabla ya giza baba mdogo Wamimbi alikuwa ameshanipigia kutoka Nakaloke. Alitaka nitoe mbuzi wa utakaso kwa kuvunja mwiko, mama mkwe arudishwe kwao mara moja, na wewe, ukiwa dada mkubwa, uje usimamie. Nilimsikiliza kwa adabu mpaka akachoka. Kisha nikamwambia mbuzi sitoi. Si kwamba sina. Mbuzi wa utakaso anatolewa na aliyemkosea mtu heshima, na mimi sijui nimemkosea nani. Akasema mikono yangu itatetemeka. Nikamjibu kwamba wa kulia hauwezi, umefungwa, na wa kushoto una kazi.

Ile heshima ya kukimbia nimeitoa miaka yote ya ndoa yangu, na wiki hii ilikaribia kumnyima mke wangu digrii. Sasa natoa nyingine. Asubuhi namsalimu mama uso kwa uso, namwekea dawa ya macho, tunabishana kuhusu chumvi. Atakaa hapa mpaka jicho lipone, na atakaa sebuleni, na mimi pia. Kama nimekuudhi wewe, dada yangu, nakuomba radhi kwa kukuudhi. Kwa nililotenda siombi.

Limebaki moja. Bila shaka tangu mwanzo umejiuliza huu ni mwandiko wa nani, maana mimi kwa kushoto siwezi kuandika hata jina langu. Anayeandika ni yeye. Mimi nasema, yeye anaandika, meza moja, kalamu moja. Maneno mawili ya kambini ameyakataa. Kwa hiyo ukitaka kuichana barua hii, fikiri kwanza: utakuwa umechana mwandiko wa mama mkwe wangu, na kosa hilo sijui ukoo umelipangia mbuzi wangapi.

Msalimu shemeji, wasalimu wote, na Docus mkumbatie bila kumwambia kwa nini. Ukija, njoo kwa mlango wa mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Gaster

Nami nakusalimu, binti yangu Margret. Mkono wangu umetulia, kama unavyouona.
Mama yake Docus