Uso wa Lijsbet

Leiden, 9 Novemba 1667

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Hali yako? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la rangi? Sisi wazima. Teunis anafuma sufu yake, na mimi tumbo limekuwa kubwa hata kitandani nageuzwa kama pipa la bia.

Baba, nisikilize. Mama ana miaka mitatu kaburini na uso wake unanitoka. Umemchora akifagia, akimenya matofaa, akinitoa chawa, na picha zote amekupa mgongo. Na mimi vilevile, kisogo tu. Jagi la maziwa ulilitazama kuliko sisi, na hilo linaniuma mpaka leo. Nichoree uso wake kabla mtoto hajaja.

Binti yako,
Dieuwer

Delft, 2 Desemba 1667

Mwanangu Dieuwer,

Nashukuru kwa salamu. Mimi nipo, nakohoa. Shangazi yako Geesje ananilisha supu ya njegere hadi naiota.

Mgongo aliutaka mama yako mwenyewe. “Huibert,” alisema, “picha zako zinaenda kwa watu. Sitaki uso wangu utundikwe sebuleni kwa muuza jibini, anikodolee macho akila.” Nikamwapia. Hii si ya kuuza, basi naona atanisamehe. Lakini kila nikishika brashi, kinachokuja ni shingo na kilemba. Wewe una kidevu chake. Njoo ukae dirishani nikutazame. Fanya upesi, mkono umeanza kutetemeka.

Baba yako

Leiden, 20 Januari 1668

Baba,

U hali gani? Tumepata msichana, kitambaa cha lasi kimetundikwa mlangoni kutangaza uzazi. Tumempa jina la bibi yake, ni Lijsbet. Mfereji umeganda, mashua haziendi, na mkunga amenikataza baridi.

Niliyosema kuhusu jagi, bado nayasema. Ila nisubiri, Baba. Barafu ikiyeyuka tu tunakuja wote.

Dieuwer wako

Delft, 26 Februari 1668

Mwanangu,

Mjukuu wangu hajambo? Ananyonya vizuri? Kwangu si kuzuri, sitakudanganya. Kalamu anaishika Geesje, maneno ni yangu.

Sikuweza kuisubiri barafu. Nimechora bila wewe. Nilipomaliza nikamwita Geesje, nikamwambia, “Haya, mtazame Lijsbet.” Akacheka, kisha akalia. “Mzee wewe! Huyu si Lijsbet. Huyu Dieuwer.”

Nikausogeza ubao wa picha kwenye mwanga. Kweli ni wewe. Ule mkunjo wa paji ukigombana na mtu, jino lililopanda, kovu la kwenye nyusi ulipoanguka ngazini ukiwa mdogo. Hakuna aliyekaa mbele yangu. Vyote vilikuwemo mkononi, na sijui niliviokota lini.

Uso wa mama yako sikuupata, nisamehe. Nguvu ya kuanza mwingine sina. Rangi bado mbichi, usiiguse kabla ya Pasaka. Ukikuta nyumba imefungwa, ufunguo anao shangazi yako.

Baba yako