Mbuzi wa Papa Bashige

Ndosho, Goma
Tarehe 12 mai 2024

Mupendwa kaka Benny,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumba yako huko Kampala. Muko aje? Homa ya mutoto ilipona? Siye tunapumua, Mungu asifiwe, hata kama bei ya makala ya kupikia inatutia hasira.

Kaka, bwana yangu Evariste ametoka gereza! Mwaka na nusu mule ndani, kwa sementi asiyoiba. Amekonda, anakohoa, lakini jana alicheka.

Unajua ilivyoanza. Papa Bashige, mwenye depo ya sementi kule Murara, aliambiwa mwizi wake ni Kambale, mutu wa kusudire, kuchomelea milango ya chuma. Bashige ni mutu wa Bukavu, alizania Kambale ni mutu mumoja tu. Eh! Kwetu Wanande kila kijana wa pili kuzaliwa anaitwa Kambale, na wewe mwenyewe pia. Wakamukamata Kambale wa kwanza waliyemukuta na mashini ya sudire, ndiye Evariste wangu.

Tribinali imesema hana kosa. Basi Papa Bashige akatuletea mbuzi, tukule pamoja, maneno iishe. Ukisha kula ile nyama, hauna tena mudomo wa kudai. Evariste alitaka kukubali, kwa uchovu tu. Mimi nilikataa. Ile mashini niliiuzisha nimupelekee chakula gerezani, na watoto wawili wameacha masomo. Mbuzi mumoja atalipa hayo yote? Nilimurudisha Murara mimi mwenyewe, akiwa amemaliza kabichi zangu. Watoto walililia nyama, moyo uliniuma, lakini sirudi nyuma. Mwenye kovu usizani amepoa.

Kesi ya fidia itasikilizwa tarehe 4 juni. Papa Bashige sasa anajitetea kwamba hakukosea mutu, Kambale ni Kambale. Avoka wetu mwenye kututetea, Maître Wivine, anataka jaji ajionee vile akina Kambale ni wengi. Kwa hiyo juzi, kisha misa, niliomba kila Kambale asimame. Kaka, wanaume walisimama mpaka nikaona haya, hata katekista! Wengi wameahidi kuja.

Usinitumie pesa. Panda bisi ya Kigali, uvuke Gisenyi, uje.

Unisalimie bibi yako Charline na tantine Fabiola. Mungu akufungulie njia na akufikishe muzima.

Siku ile jaji akiita Kambale, Evariste asisimame peke yake.

Dada yako anayekupenda,
Kaswera